Kaunta ya Sinki la Bafuni: Ichague kwa Maji Yako na Sabuni Yako

Watu wengi huchagua kaunta ya sinki la bafuni kwa macho. Wameiona kwenye simu, au kwa jamaa aliyehamia nyumba mpya juzi. Wanapatana bei, fundi anafunga, picha zinapigwa. Miezi michache baadaye kuna madoa meupe yasiyotoka, jiwe limefifia kuzunguka bomba, na kabati la chini limevimba hadi mlango haufungi. Lawama humwangukia fundi. Kumbe mara nyingi fundi hana kosa: kilichofungwa hakiendani na maji ya nyumba ile wala na dawa inayosafishia bafu lile.

Kaunta ya jikoni inapambana na kisu na sufuria ya moto. Ya bafuni inapambana na maji yanayokauka juu yake kutwa nzima, sabuni, mafuta ya nywele, rangi za urembo, na dawa ya choo ambayo huwekwa hatua mbili tu kutoka hapo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ipi inapendeza, jiulize: maji yangu yakoje, na nani anasafisha kwa kitu gani? Majibu hayo mawili yatakupunguzia orodha kuliko muuzaji yeyote.

Anza na maji

Fungua birika lako la umeme uangalie ndani. Kama chini kuna gamba jeupe, gumu, basi maji yako yana chokaa nyingi, na gamba hilohilo litajijenga kwenye shina la bomba la sinki. Kama huna birika, mimina maji kidogo juu ya kipande cha kioo au sahani nyeusi, acha yakauke juani. Alama itakayobaki ndiyo utakayoifuta kwenye kaunta yako kila siku.

Mtu wa Mwanza anayetumia maji ya ziwa ana nafuu, maana maji yale ni laini. Mkazi wa Dodoma, au mwenye kisima kwenye maeneo ya pwani ya Dar es Salaam, anajua habari nyingine: glasi hazing'ai, bomba la bafu la mvua huziba matundu, na sabuni haitoi povu.

Gamba la chokaa huondolewa kwa kitu chenye asidi: limau, siki, au dawa za dukani za kuondoa ukoko. Asidi hiyohiyo hula marumaru, terazo na zege, kwa sababu vyote hivyo vina chokaa ndani yake. Ukiweka marumaru kwenye nyumba yenye maji ya chumvi, yaani yenye chokaa nyingi, umejifunga mwenyewe: ukiliacha gamba, kaunta inaonekana chafu, ukilitoa, unatoa na mng'ao wa jiwe. Kwa nyumba kama hiyo tafuta graniti, kigae cha poseleni, kauri au kwatsi, ambazo siki haizidhuru.

Rangi nayo ifuate maji. Kaunta nyeusi inayong'aa hupendeza sana dukani, ambako haimwagiwi maji. Kwenye maji ya chumvi kila tone likikauka linaacha duara jeupe, na utakuwa na kitambaa mkononi asubuhi na jioni. Kijivu chenye madoadoa, rangi ya mchanga, au nyeupe iliyochanganyika na kahawia husitiri mengi.

Nani atasimama pale

Bafu la wageni hutumika kwa kunawa mikono, basi. Hapo unaweza kuweka jiwe la anasa na lisipate tabu. Bafu la familia ni jambo lingine. Kama watu wanatawadha hapo, maji yatamwagika mara tano kwa siku, tena mengi, hadi viwiko; kaunta inahitaji nafasi pande zote mbili za sinki na ukingo usiopeleka maji kwenye mlango wa kabati. Kama mama na mabinti wanapaka hina au piko nyumbani, fahamu kwamba rangi hizo huingia kwenye jiwe lenye vinyweleo na kukaa. Mafuta ya nazi nayo huacha doa jeusi kwenye graniti isiyozibwa vizuri.

Fikiria pia siku za mgao. Maji yakikatika, ndoo ya lita 20 hupandishwa juu ya kaunta na watu huchota kwa kata. Hizo ni kilo 20 zinazotua kwa kishindo, kwa kawaida pembeni kabisa, mahali ambapo kaunta haina kitu chini yake. Umeme nao ukikatika, mshumaa hubandikwa hapohapo. Na pasi ya kunyooshea nywele, ambayo joto lake huweza kupita nyuzi 200, hulazwa juu ya kaunta bila mtu kufikiri. Mbao itaungua, kwatsi inaweza kubaki na alama, kwa sababu ndani yake kuna gundi ya plastiki.

Vifaa na tabia zake

Graniti ndiyo inayofaa nyumba nyingi. Ni ngumu, msumari hauichani kirahisi, na siki haiitishi. Udhaifu wake ni vinyweleo: baadhi ya graniti, hasa za rangi nyepesi, hunywa maji na mafuta. Ndiyo maana hupakwa dawa ya kuziba, na dawa hiyo hurudiwa kila inapoisha nguvu. Kujua kama imeisha ni rahisi: dondosha maji, subiri dakika 10 hadi 15, kisha futa. Kama jiwe limebaki na giza pale palipokuwa na maji, linakunywa. Tahadhari ya pili ni graniti nyeusi. Lipo jiwe la kijivu linalopakwa rangi ili lionekane jeusi tii, na rangi hiyo hufifia kwa sabuni kali. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni, usugue. Kitambaa kikitoka cheusi, achana nalo.

Marumaru ni jiwe laini na zuri, na kwetu linachimbwa, likiwemo la Morogoro na la Mbeya. Ukienda kuulizia, sema wazi kwamba unataka jiwe, maana kwa wauzaji wengi marumaru ni vigae vya sakafu. Liweke mahali penye maji laini na matumizi machache, na usafishe kwa sabuni ya kawaida ya maji tu. Ukilipenda sana, omba lisilong'arishwa hadi mwisho: alama za asidi hazionekani haraka kwenye uso uliofifishwa kama zinavyoonekana kwenye uso unaong'aa.

Kwatsi, ambayo wauzaji huiita jiwe la kiwandani, hutengenezwa kwa madini ya kwatsi yaliyosagwa, mara nyingi asilimia 90 au zaidi ya uzito wake, yakashikanishwa kwa gundi ya plastiki. Haina vinyweleo, haihitaji dawa ya kuziba, na madoa huondoka kwa urahisi. Haipendi moto, wala jua kali la dirishani linaloweza kuibadilisha rangi. Vumbi lake ndilo hatari kubwa. Mtu anayeikata kavu kila siku huvuta silika inayoharibu mapafu moja kwa moja. Kwa sababu hiyo Australia ilipiga marufuku mawe ya aina hii kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Graniti nayo ina silika, ingawa si nyingi kama ya kwatsi. Usikubali fundi akate jiwe lolote kwa grinda kavu ndani ya nyumba yako. Likatwe karakanani, kwa mashine inayomwagiwa maji.

Vigae vya poseleni ni chaguo ambalo watu hulidharau bure. Poseleni halisi hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, kwa hiyo madoa hayana pa kuingilia. Zamani tatizo lilikuwa mistari: vigae vidogo vingi, na kati yake saruji ya kujazia inayogeuka nyeusi kwa ukungu. Siku hizi kuna vigae vya sentimita 60 kwa 120. Kimoja kinatosha kaunta ya bafu la kawaida bila mstari hata mmoja juu. Kazi ngumu hubaki kwenye ukingo wa mbele, ambako fundi hukata vipande viwili kwa mshazari na kuvikutanisha. Mwombe akuonyeshe ukingo aliowahi kuufanya mahali pengine. Kama mstari hauepukiki, ujazwe kwa epoksi badala ya saruji.

Terazo na zege la kung'arishwa vinarudi kwa kishindo, na kwetu si vigeni: majengo mengi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1950 na 1960 yana sakafu za terazo zinazong'aa hadi leo. Faida yake ni kwamba fundi anaimimina palepale kwa umbo unalotaka, hata sinki likawa sehemu ya kaunta. Lakini ni saruji na chembe za mawe, ambazo kwa kawaida ni za marumaru, kwa hiyo asidi inazila. Chagua hizi kama una fundi anayejua kusaga na kung'arisha kwa hatua, na kama uko tayari kupaka dawa ya kuziba mara kwa mara.

Mbao huleta uhai bafuni. Mtiki, ambao hupandwa huku kwetu, Longuza wilayani Muheza ukiwa mfano, na mvule ni miti inayovumilia unyevu. Mbao nzima, iliyokaushwa sawasawa, ikapakwa mafuta au vanishi chini, juu, pembeni na ndani ya matundu, hudumu. Wengi hupaka juu tu, na maji huingilia kwenye tundu la bomba. Kwa mbao tumia sinki la bakuli linalokaa juu, na ufute maji kila baada ya matumizi. Kama unajijua hufuti, chagua kingine.

Kisha kuna seti za dukani, kabati na kaunta vikiwa pamoja. Kaunta ya kauri ambayo sinki lake limefinyangwa humohumo ni nzuri sana: haina ungio la kuvuja, na sabuni yoyote inaisafisha. Tatizo liko kwenye kabati lake, ambalo mara nyingi ni la emdiefu (MDF), ubao wa kushindiliwa. Inama uangalie kingo za chini na matundu ya mabomba nyuma. Kama ubao uko wazi bila kufunikwa, ukilowa utavimba mfano wa mkate kwenye chai, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Omba kipande, lala nacho

Karakana yoyote ya mawe ina vipande vilivyosalia. Omba kipande kidogo cha jiwe lilelile unalolitaka, uende nacho nyumbani. Jioni kipange kama uwanja wa majaribio: kona moja tone la mafuta ya nazi, ya pili dawa ya meno, ya tatu piko au hina ya nyumbani, ya nne limau. Katikati weka tone la dawa ya choo unayotumia. Pembeni kabisa mimina maji yako ya bomba, uyaache yakauke. Asubuhi osha kwa sabuni ya kawaida, kausha, kisha kiinamishe kipande karibu na dirisha ili mwanga ukipige kwa upande. Kwa mwanga wa upande utaona kisichoonekana kwa juu: palipokaa limau kwenye marumaru pamekuwa butu, panakwaruza kidogo ukipitisha ukucha, penye mafuta kwenye graniti nyepesi pamebaki na kivuli. Kipande kikipita mtihani huo, kaunta itapita.

Limau lina kazi nyingine. Ukiuziwa jiwe kwa jina la graniti nawe una shaka, dondosha limau upande wa chini ambao haujang'arishwa. Likitoa vipovu vidogo, hilo ni marumaru au jamii yake.

Kinachobeba kaunta

Graniti ya unene wa milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba. Kaunta ya mita 1.2 kwa sentimita 55 inafika karibu kilo 36 kabla ya kutoboa tundu la sinki. Ongeza sinki, ongeza ndoo ya siku ya mgao, ongeza mtoto anayening'inia akitafuta mswaki. Kabati jembamba la emdiefu halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Njia iliyozoeleka kwetu, na ambayo ni imara, ni kumimina kislabu cha zege chenye nondo za milimita 8, unene wa sentimita 6 hivi, kikishikwa na ukuta wa nyuma na vikuta viwili vya tofali pembeni. Kimwagilie maji kwa siku saba kabla ya kukibebesha kitu. Juu yake hubandikwa graniti au poseleni kwa gundi ya vigae, na chini unaweza kuacha wazi au kuweka milango. Maji yakimwagika, hakuna cha kuvimba. Ukitaka kaunta inayoelea bila miguu, tumia fremu ya chuma iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, ifungwe kwenye ukuta wa tofali imara au zege.

Sinki kwanza, jiwe baadaye

Nunua sinki na bomba kabla jiwe halijakatwa, uvipeleke karakanani. Tundu la bomba la kawaida la kuchanganyia maji ya moto na baridi ni milimita 35, lakini la sinki hutofautiana kwa kila toleo, na jiwe likishatobolewa halishonwi.

Sinki la kupachika kwa juu lina mdomo unaofunika tundu, kwa hiyo husitiri ukataji usio nadhifu. Sinki la kufunga kwa chini hukuruhusu kusukuma maji moja kwa moja kutoka kwenye kaunta, jambo zuri mahali pa kutawadhia, ila linataka kingo za tundu zing'arishwe vizuri na lishikiliwe kwa vyuma, si kwa gundi peke yake. Sinki la bakuli hukaa juu ya kaunta na huhitaji bomba refu au la ukutani.

Urefu kutoka sakafuni hadi mdomo wa sinki uwe sentimita 80 hadi 90. Hapo ndipo wengi hukosea kwenye bakuli: kaunta ikiwa sentimita 85 na bakuli lina kimo cha 15, mtoto atanawa akiwa juu ya stuli. Ishushe kaunta hadi 70 au 75. Upana kutoka ukutani, sentimita 45 hadi 55 hutosha. Ukingo wa mbele utokeze kabati kwa sentimita 2 au 3, na chini yake uchongwe mchirizi mwembamba ili maji yanayoshuka yadondoke sakafuni badala ya kutambaa hadi mlangoni. Nyuma weka kinga ya ukuta ya sentimita 10. Pembe za mbele ziviringwe; paji la uso la mtoto liko usawa huo.

Kupima kufanyike baada ya vigae vya ukuta kubandikwa, si kabla. Kuta zetu nyingi hazikai kwenye pembe mraba, kwa hiyo kata boksi gumu kwa umbo halisi la mahali pale, ulipeleke likawe kiolezo.

Dukani na karakanani

Unapotajiwa bei, uliza ni kwa mita ya urefu au mita ya mraba, na kama inajumuisha kutoboa matundu, kung'arisha kingo, usafiri na kufunga. Bei mbili zinazoonekana sawa hutofautiana sana hapo. Uliza vipande vilivyosalia kwenye kazi za jikoni: kaunta ya bafu ni ndogo, na kipande cha jiwe la gharama kubwa kilichobaki mara nyingi huuzwa kwa bei ya kawaida. Lichague jiwe lenyewe kwa macho, siyo sampuli, na uliwekee alama kwa chaki. Limwagie maji uone nyufa: ufa hubaki na mstari mweusi wakati sehemu nyingine zimekauka. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye ujumbe wa simu, na pesa zote usilipe mapema.

Siku ya kufunga

Fundi aweke pima maji pande zote mbili. Maungio na ukuta yajazwe silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Inuse kabla haijatumika: silikoni inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na haifai kwa marumaru wala terazo, kwa hizo omba isiyo na harufu hiyo. Iachwe saa 24 kabla ya maji kuguswa. Mwambie fundi bomba aweke koki ya kufungia maji chini ya sinki, mahali ambapo mkono unafika.

Kwa anayesafisha, toa maelekezo siku hiyohiyo: sabuni ya maji na kitambaa laini, jiki na dawa ya choo vibaki chooni, steelwire isiguse mng'ao. Chupa za mafuta na piko zikae kwenye trei.

Kabla ya kulipa salio, saa hizo 24 za silikoni zikiisha, ziba sinki, lijaze hadi juu, kisha zibua ghafla. Inama na tochi. Pitisha tishu kavu kwenye kila ungio chini, na ukingoni mwa tundu la sinki. Mimina kikombe cha maji juu ya kaunta uone yanaelekea wapi: yakikimbilia ukutani au kwenye kona, iinuliwe upya kabla hujalipa. Tishu ikitoka kavu na maji yakitulia au kurudi sinkini, mlipe fundi pesa yake yote siku hiyohiyo, na uhifadhi namba yake.